Tusiite Serotonini Dawa ya Furaha



Siku hizi limeingia neno jipya katika mazungumzo ya shule yetu, nalo ni serotonini. Mtu akicheka sana bwenini huambiwa serotonini imempanda. Akinyamaza siku mbili huambiwa imemwishia. Wako hata wanaokula ndizi tatu tatu kabla ya mtihani, ati wapate kuongeza furaha kichwani. Na katika mjadala wa muhula uliopita msemaji mmoja alisimama akasema kwamba wataalamu wamekaa miaka sabini na zaidi wakichungulia ubongo wa panya, na faida iliyopatikana ni hiyo tu, kujua kwamba furaha ni kemikali. Basi fedha hizo, alisema, heri zingejenga mabweni. Alipigiwa makofi mengi. Mimi nilinyosha mkono kutaka kujibu, lakini kengele ililia na mwenyekiti akafunga mkutano, ndiyo sababu nimemwomba mhariri nafasi hii.

Maoni yangu ni haya. Panya hakutufundisha kwamba serotonini ni furaha. Alitufundisha karibu kinyume chake, yaani kwamba serotonini peke yake haina maana yoyote mpaka ipate wa kuipokea. Wala kosa hili si kosa la maneno matupu; linawadhuru wenzetu, kama nitakavyoeleza mbele.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Dutu hii haikupatikana katika kichwa cha mtu mwenye furaha, ilipatikana katika damu ya ng'ombe. Mwaka 1948, katika mji wa Cleveland huko Marekani, Bwana Maurice Rapport, Bibi Arda Green na Daktari Irvine Page walikuwa wakitafuta kitu kilichomo katika maji ya damu iliyoganda, kitu ambacho hukaza mishipa. Walipokipata wakakiita kwa jina la kuunga, sero kwa ajili ya maji ya damu, na tonini kwa ajili ya kukaza. Kumbe Mwitalia mmoja, Vittorio Erspamer, alikwisha kukiona tangu miaka ya 1930 ndani ya utumbo, akakipa jina jingine. Na kweli, karibu sehemu tisa katika kumi za serotonini yote ya mwili wetu zimo tumboni. Kama ingekuwa ni furaha, basi matumbo yetu yangekuwa yakicheka mchana na usiku.

Katika ubongo ilionekana baadaye kidogo. Bibi Betty Twarog, aliyekuwa bado kijana, alikuwa amechunguza misuli ya kome wa baharini akaona kwamba serotonini huilegeza. Akawaza kwamba kitu chenye kazi katika mnyama mdogo namna ile hakikosi kazi katika ubongo wa wanyama wakubwa. Mwaka 1953 yeye na Daktari Page walitangaza kwamba wameikuta katika ubongo wa wanyama wanyonyeshao. Napenda sana habari hii, maana inaonyesha kwamba mtu aweza kuanza na kome akafika kwenye ubongo, na wale wanaocheka wanafunzi wa Baiolojia tunapopasua wadudu wangefaa kuikumbuka.

Sasa twaja kwa panya. Panya ninayemsema si yule anayetula sabuni usiku. Ni panya wa maabara, aghalabu mweupe, ambaye ubongo wake una uzito wa gramu mbili tu hivi, na ndani yake zimo chembe za fahamu kama milioni 200. Katika mwaka 1964 wataalamu wawili wa Stockholm, nchi ya Sweden, Bibi Annica Dahlström na Bwana Kjell Fuxe, walichukua vipande vyembamba vya ubongo wa panya vilivyokaushwa kwa baridi, wakavitia katika mvuke wa formaldehaidi. Mvuke huo ndio unaotengeneza formalini, ile ile tunayohifadhia vyura na nyoka katika makabati ya maabara. Kisha wakavitazama kwa hadubini ya mwanga wa urujuani. Chembe zenye serotonini zikang'aa rangi ya manjano, na chembe zenye kemikali nyingine za jamaa yake zikang'aa kijani. Kwa mara ya kwanza watu wakaweza kuchora ramani na kusema, serotonini inatoka hapa na hapa.

Ramani hiyo ilileta fumbo. Chembe za manjano zilikuwa chache mno, makumi machache ya maelfu tu katika ile milioni 200, nazo zimejipanga katikati ya shina la ubongo mahali paitwapo rafe, neno la Kigiriki lenye maana ya mshono. Lakini nyuzi zake zimetambaa kila mahali, mbele mpaka kwenye ganda la ubongo na nyuma mpaka chini katika uti wa mgongo. Tena ukiharibu au kubadili kazi ya nyuzi hizo hubadilika usingizi wa panya, njaa yake, joto la mwili wake, maumivu yake, na hata ukali wake kwa panya wenzake. Je, yawezekanaje dutu moja, itokayo katika chembe chache hivyo, kuamuru mambo mengi yasiyofanana?

Jibu tunalisikia kila siku hapa shuleni. Kengele yetu ni moja, na mlio wake ni mmoja. Ikilia saa sita na nusu mchana, mpishi hufunua sufuria, bawabu hufunga lango, kiranja wa zamu huchukua daftari la majina, na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hukimbia na sahani zao. Mgeni akiuliza, "Kengele hii maana yake nini?" hatutaweza kumjibu kwa neno moja, kwa sababu maana haimo ndani ya chuma. Imo kwa yule anayesikia. Ndivyo ilivyo serotonini. Juu ya ngozi ya kila chembe inayoipokea kuna protini zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo, nazo huitwa vipokezi, na kila aina ya kipokezi huitafsiri serotonini kwa namna yake.

Wazo kwamba vipokezi vya serotonini si vya namna moja lilikuwapo hata kabla ya ramani ya Stockholm. Mwaka 1957 John Gaddum na Zuleika Picarelli walifanya majaribio juu ya kipande cha utumbo wa mnyama mdogo wa maabara, wakaona kwamba dawa moja huzuia nusu ya kazi ya serotonini na dawa nyingine huzuia nusu iliyobaki. Wakasema lazima milango iwe miwili. Katika ubongo wa panya jambo hili lilithibitishwa mwaka 1979 na Stephen Peroutka na Solomon Snyder wa Baltimore. Walisaga ubongo, wakauchanganya na kemikali zilizotiwa alama ya mionzi, wakahesabu kiasi kilichonata. Wakakuta kuna vipokezi vinavyoishika serotonini yenyewe kwa nguvu, na vingine vinavyoishika kidogo lakini vinashika sana dawa fulani ya maradhi ya akili. Mwaka 1988 kikatolewa katika ubongo wa panya kipande cha urithi kilichobeba maagizo ya kutengeneza kipokezi kimoja, na baada ya hapo vikafuata vingine kwa haraka. Leo zinahesabiwa aina kumi na nne katika jamii saba. Jamii sita hupeleka habari ndani ya chembe polepole, kwa kupitia protini nyingine. Jamii moja, ile ya tatu, ni mlango hasa; serotonini ikigusa, mlango hufunguka papo hapo na chumvi yenye umeme huingia.

Sitawachosha kwa majina ya zote kumi na nne, lakini hiyo ya tatu sina budi kuisimulia, kwa kuwa yenyewe yatosha kuliangusha jina la homoni ya furaha. Mgonjwa wa saratani akipewa dawa kali, kuta za utumbo wake humwaga serotonini nyingi. Serotonini hiyo hufungua vile vipokezi vya jamii ya tatu vilivyo kwenye ncha za mshipa mkubwa wa fahamu utokao tumboni kwenda kwenye shina la ubongo. Habari inayofika huko si furaha hata kidogo. Ni amri ya kutapika. Ndiyo maana dawa ya kuzuia vipokezi hivyo, iitwayo ondansetroni, imewapa wagonjwa wa namna hiyo nafuu kubwa, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hapa mtu mwerevu atanikamata, maana panya hawezi kutapika. Ni kweli, maumbile hayakumpa uwezo huo, na kwa ajili ya dawa za kutapika wataalamu wamelazimika kutumia wanyama wengine. Lakini panya akichafukwa na tumbo hufanya jambo jingine, hula udongo. Basi wataalamu humwekea udongo mweupe katika kizimba, wakaupima asubuhi kuona umepungua kiasi gani, na kwa njia hiyo hujua kichefuchefu cha mnyama asiyeweza kusema wala kutapika. Mimi nikisoma mambo kama haya huona kwamba wale waliosema fedha zimepotea hawakuuliza zilitumikaje.

Katika uti wa mgongo mambo ni magumu zaidi. Huko serotonini hushuka kutoka kwenye rafe, na ikipokewa na vipokezi vya namna moja huyapunguza maumivu yanayopanda kichwani, ilhali ikipokewa na vya namna nyingine huyazidisha. Dutu ni ile ile, mnyama ni yule yule.

Na ndizi je? Ndizi ina serotonini kweli, sikatai. Lakini kati ya damu na ubongo pana ukuta ambao serotonini haiwezi kuupita, kwa hiyo ya ndizi huishia tumboni. Ubongo hujitengenezea serotonini yake wenyewe kutokana na dutu iitwayo triptofani, ambayo imo katika mayai, maziwa, samaki, na hata katika haya maharage ya shule tunayoyalalamikia. Mwenye njaa na ale ndizi, ni chakula kizuri. Asiile kama hirizi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Yuko mwanafunzi mmoja, sitataja bweni wala kidato chake, ambaye alishikwa na ugonjwa wa sonona. Si huzuni ya kufeli jaribio, ni ile ambayo mtu haamki, hali, na hata barua ya mama yake haifungui. Alipelekwa hospitali akapewa vidonge vya fluoksetini. Akanywa siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Hakuona nafuu, tena kichefuchefu kikamsumbua. Wenzake wakamwambia, "Wewe, si umepewa dawa ya furaha? Mbona hufurahi? Hao wamekudanganya." Akavitupa chooni. Baada ya majuma machache ilibidi arudishwe kwao, akapoteza muhula mzima.

Wenzake wale hawakuwa wabaya. Walifuata maana ya jina walilofundishwa, maana kama serotonini ni furaha, na kidonge huongeza serotonini, basi mwenye kumeza Jumatatu angecheka Jumanne. Laiti wangalijua habari za panya wa Montreal! Katika miaka ya 1980 Claude de Montigny na Pierre Blier walipima chembe za rafe katika panya waliopewa dawa za namna hii. Dawa hizo huzuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya chembe ilikotoka, hivyo hukaa nje muda mrefu zaidi. Lakini chembe za rafe zenyewe zina vipokezi vyake vya kujisikiliza, na kazi yake ni kama ile ya boya katika tangi la maji. Maji yakipanda, boya hupanda nalo na kufunga bomba. Basi siku za mwanzo, serotonini ilipozidi, boya likafunga, na chembe zikapunguza sana kupiga habari. Baada ya juma moja zikaanza kurudi. Baada ya majuma mawili zilikuwa zikipiga kama kawaida, kwa kuwa vipokezi vile vilikuwa vimezoea na kulegea, na sasa dawa ikaweza kufanya kazi bila kuzuiwa. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu peke yake ya dawa kuchelewa, maana yako mabadiliko mengine ya polepole katika ubongo. Lakini mtu aliyeelezwa habari za boya hawezi kumcheka mgonjwa siku ya tano.

Najua kuna watakaonijibu kwa habari ya mwaka 2022, ambapo wataalamu wa London, wakiongozwa na Bibi Joanna Moncrieff, walikusanya uchunguzi wa miaka mingi wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba sonona hutokana na upungufu wa serotonini. Mmoja wetu alisoma kichwa cha habari hiyo akatangaza kwamba dawa zote ni uongo. Hapo amechanganya mambo mawili. Maumivu ya kichwa hayatokani na upungufu wa aspirini, lakini aspirini huyatuliza. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 juu ya dawa 21 za sonona kwa watu wazima, na kila dawa ilishinda kidonge cha bure, ijapokuwa kwa kiasi cha wastani. Wako wasiosaidiwa, wako wanaosaidiwa zaidi kwa mazungumzo na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na kwa vijana wa umri wetu yapasa uangalifu mkubwa. Tangu mwaka 2004 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru liandikwe onyo kwamba vijana wanaoanza dawa hizi waangaliwe kwa karibu. Hayo yote ni kazi ya daktari kuamua. Si kazi ya bweni.

Nisije nikaonekana namsifu panya kupita kiasi. Yako majaribio ambayo mimi siyapendi. Tangu mwaka 1977 panya wametiwa katika chombo kirefu cha maji wasichoweza kutoka, na wakiacha kuogelea imesemwa kwamba wamekata tamaa, na dawa inayowafanya waogelee zaidi ni dawa nzuri ya sonona. Nani amesema kwamba panya aliyeacha kuogelea amekata tamaa? Labda ameona kuelea tu kunamtosha, na mimi naona hiyo ni akili. Tena panya hao huonyesha mabadiliko kwa siku moja, ilhali mtu husubiri majuma, jambo ambalo peke yake lilipasa kuwatia wataalamu shaka. Kadhalika panya si mtu mdogo mwenye mkia. Mwaka 1992 iligunduliwa kwamba kipokezi kimoja cha panya na kile cha mtu, vyenye asidi amino karibu 390, vinapishana kwa asidi moja mahali fulani, na kwa hiyo moja dawa zinazonata vizuri kwa panya hazinati vizuri kwa mtu. Nao panya hawa huuawa. Tangu mwaka 1959, William Russell na Rex Burch walipoandika kwamba yafaa kutumia njia nyingine ikipatikana, kupunguza idadi ya wanyama, na kuwapunguzia mateso, hakuna mtaalamu mwenye haki ya kusema hakuambiwa. Mimi nasema majaribio yaendelee, lakini yahesabiwe gharama yake.

Kwa shule yetu nina ombi moja dogo. Wanafunzi wenye dawa za kila siku hupewa vidonge vyao na matroni baada ya chakula cha jioni, mbele ya foleni nzima ya watu wenye sahani, na kila mtu husoma kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwanafunzi niliyemsimulia sasa amerudi, ameanzishiwa dawa upya, na jioni mbili nimemwona akipita bila kusimama kwa sababu ya macho ya watu. Jioni hizo mbili ni vidonge viwili vilivyoachwa, na vikiwa vingi, kusubiri kule kwa majuma kutaanza tena. Chumba cha wagonjwa kina mlango wa nyuma unaotazama bustani. Namwomba Mkuu wa Shule aruhusu dawa zitolewe hapo, saa mbili kasorobo, kabla ya kengele ya kujisomea.